Je, wajua jinsi mateka asiye na kitabu alivyorudi nyumbani na jiometri mpya?

Novemba 1812 jeshi la Napoleon lilikuwa likirudi kutoka Moscow, limechoka, lina njaa, na baridi inalimaliza. Karibu na Krasnoi, luteni mmoja wa kikosi cha wahandisi aliachwa uwanjani ikidhaniwa amekufa. Aliitwa Jean-Victor Poncelet, kijana wa miaka 24 kutoka mji wa Metz, Ufaransa. Warusi walimchukua mateka, wakamswaga kwa miguu pamoja na wenzake kuvuka nyanda za theluji mpaka Saratov, kando ya mto Volga. Alifika Machi 1813.

Huko hakuwa na kitabu hata kimoja cha hisabati. Alikuwa amesoma École Polytechnique ya Paris, shule bora ya wahandisi nchini kwao, lakini mengi aliyofundishwa yalikuwa yamemtoka kichwani. Basi akaanza upya kabisa, kwa hesabu za awali, akipanda hatua kwa hatua kwa kumbukumbu yake tu. Alipoachiliwa Juni 1814, alikuwa na madaftari saba yaliyojaa, na ndani yake mlikuwa na mambo ambayo hata walimu wake hawakuwahi kuyaandika.

Aliwezaje? Chukua ungo, uuweke mbele ya kibatari usiku, kisha utazame kivuli chake ukutani. Ukiuinamisha, duara linavutika na kuwa kama yai. Vipimo vimeharibika, pembe nazo zimeharibika. Lakini ufito ulionyooka bado kivuli chake kimenyooka, na alama tatu zilizopangana mstari mmoja bado zimepangana. Poncelet alijiuliza: umbo likigeuzwa kivuli, ni kipi kisichobadilika? Kutokana na swali hilo alijenga jiometri ya projeksheni, akaichapisha mwaka 1822. Leo kila programu inayochora picha za pande tatu kwenye kioo cha kompyuta inaitumia. Mimi naamini kukosa vitabu kulimsaidia. Mtu asiye na kanuni za kunakili hulazimika kutafuta kinachobaki hata baada ya kila kitu kusahaulika.

Alirudi na kitu kingine pia: ubao wa shanga wa kuhesabia, ule uliotumiwa na wafanyabiashara wa Urusi. Kutoka Metz ubao huo ulienea katika shule za Ufaransa, na watoto wakajifunzia kujumlisha na kutoa.

Nyumbani aliendelea na uhandisi wa jeshi, na hapo akakutana na gurudumu la maji. Magurudumu yaliyosukumwa na maji kwa chini yalikuwa na mapanga bapa. Maji yaliyagonga, yakaruka huku na huko, yakaondoka yakiwa bado na kasi. Nguvu nyingi ilipotea bure. Poncelet aliyapinda mapanga ili maji yaingie taratibu bila kugonga, yapande juu ya mpindo, kisha yateremke na kutoka yakiwa karibu yamesimama. Sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya maji ilibaki kwenye gurudumu. Kwa mto uleule, kinu kilipata takribani nguvu maradufu, na Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kikampa tuzo.

Ualimu aliuanza rasmi mwaka 1825, akiwafundisha maofisa mekanika, yaani elimu ya kani na mwendo, katika shule ya kijeshi ya Metz. Kinachonigusa zaidi ni alichofanya kuanzia mwaka 1827: alifungua darasa la jioni, bila malipo, kwa mafundi na vibarua wa mji wake. Watu waliozungusha mashine kutwa nzima walielezwa kwa lugha nyepesi kwa nini mashine inazunguka. Yeye na Gaspard-Gustave Coriolis ndio waliolipa neno "kazi" maana yake katika fizikia, yaani kani mara umbali. Baadaye Wafaransa walikiita kipimo kimoja cha nguvu poncelet: kuinua kilo 100 mita moja kwa sekunde moja. Ukivuta ndoo ya lita 20 kutoka kisima cha mita 5 kwa sekunde moja, umefikia poncelet moja. Jaribu uone kama utaweza!

Mwaka 1848 mfalme wa Ufaransa alipinduliwa. Jamhuri mpya ilimpandisha Poncelet kuwa jenerali na kumkabidhi École Polytechnique, shule ileile aliyoingia akiwa mwanafunzi mwaka 1807. Aliiongoza hadi 1850. Baada ya hapo alirudia karatasi zake za zamani, na mwaka 1862, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, madaftari ya Saratov yakaanza kuchapishwa.