Je, wajua kwa nini bangi hufungwa kamba kabla ya kutoa maua?

Sheria ya Kanada iliyoanza kutumika Oktoba 17, 2018 inaruhusu nyumba moja kuotesha miche minne ya bangi, ingawa majimbo yana uhuru wa kubana zaidi. Ujerumani ilifuata Aprili 1, 2024, kwa miche mitatu kwa kila mtu mzima. Kwetu Tanzania na Kenya, mmoja tu ni kesi. Lakini tazama sheria hizo zinavyohesabu: zinahesabu mashina, haziulizi kila shina lina matawi mangapi. Wakulima wa huko waliliona hilo mapema.

Mche ukiwa bado na majani tu, shina lake hulazwa taratibu na ncha ikafungwa kwa kamba laini kwenye ukingo wa ndoo. Siku chache baadaye matawi ya chini, yaliyokuwa yamedumaa, yanaamka karibu yote kwa pamoja. Mmea uliokuwa unaelekea kuwa mnara unakuwa meza, na badala ya shada moja nono kileleni yanakuja mengi yanayolingana.

Nilipoona picha ya mmea wa namna hiyo mara ya kwanza, umevutwa kamba pande zote kama mbuzi wa Idi, nilijua jibu papo hapo. Unateswa! Mti ukiumia unadhani utakufa, basi unahangaika kuzaa kabla ya kufa. Si ndivyo wazee wanavyoupiga mwembe mgumba kwa panga, eti uogope? Nililieleza jibu hilo kwa watu kadhaa, kwa sauti ya mjuzi.

Si kweli, na inashangaza jinsi lilivyo rahisi kuangushwa. Kwanza, mmea uliofungwa vizuri hauna jeraha lolote: gome zima, majani yote yapo. Pili, nenda kwenye tuta la mchicha. Ukichuma ncha, mchicha unatoa matawi ubavuni. Ukichuma jani moja la pembeni na kuiacha ncha, umeuumiza vilevile, lakini huoni matawi yakichipuka kwa kasi ile. Kama maumivu ndiyo dawa, kwa nini mmea ujali umeumizwa wapi?

Pigo la mwisho ni la miaka ya 1930. Wanasayansi Kenneth Thimann na Folke Skoog, wakiwa Pasadena, California, walikata ncha za mimea ya jamii ya maharagwe. Macho ya ubavuni, yale yanayojificha kwapani mwa majani, yakaamka kama ilivyotarajiwa. Kisha wakachukua mimea mingine, wakaikata vilevile, lakini juu ya kidonda wakaweka auksini, homoni ambayo ncha huitengeneza. Macho yakaendelea kulala. Jeraha ni lile lile, matokeo ni kinyume. Kilichokuwa kinayalaza macho ni ujumbe kutoka kileleni, na panga halina neno hapo. (Mwembe una habari yake: gome likikatwa, sukari inayoshuka kutoka majanini hukwama juu ya kidonda, na huenda hilo likasaidia maua. Woga haumo.)

Basi nikahamia kosa la pili, ambalo nalo lina wafuasi wengi: kwamba auksini inadondoka kutoka juu kama maji ya paa na kuyamwagikia macho sumu, kwa hiyo ukilaza shina haidondoki tena. Auksini haidondoki. Inasukumwa kutoka seli hadi seli, kuelekea mizizini, takriban sentimita 1 kwa saa. Hata kipande cha shina ukikigeuza kichwa chini, bado itaelekea upande uliokuwa wa mizizi. Na jambo lililowasumbua watafiti kwa miaka mingi ni kwamba auksini inayoshuka kutoka kileleni haiingii ndani ya jicho. Inapita mlangoni tu. Sasa inamzuiaje mtu isiyemgusa?

Fikiria Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, saa moja asubuhi, magari yamebanana kuelekea mjini. Kwenye kichochoro cha vumbi kinachoungana nayo yuko fundi mwenye karakana ndogo. Hakuna aliyemkataza kufanya kazi. Ila ili karakana ikue, lazima gari lake litoke na mzigo, na kila akifika pale makutano hakuna pa kuchomeka hata baiskeli. Anarudi ndani, anakaa. Jicho la mmea ni fundi huyo. Ili ligeuke tawi ni lazima litoe auksini yake lenyewe na kuipeleka kwenye shina kuu, na kadiri inavyotoka ndivyo inavyochonga njia yake, kama kichochoro kinavyopanuka kwa kupitwa. Foleni ya kutoka kileleni ikipungua, fundi anachomeka.

Makutano hayo yana hata trafiki wake: strigolaktoni, homoni inayotoka zaidi mizizini na kulifanya jicho lishindwe kuchomeka. Mwaka 2008 ndipo ilipothibitishwa kwamba hii pia ni homoni ya matawi. Kabla ya hapo ilijulikana kwa sifa mbaya, maana ndiyo harufu ambayo mbegu za kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi na mtama, huisubiri udongoni ili ziote. Dutu moja inalaza macho ya mmea juu na kumwamsha mwizi chini.

Hadithi ya foleni, hata hivyo, ina pengo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kwamba njegere ikikatwa ncha, macho ya mbali huanza kukua kabla habari za auksini kupungua hazijaweza kuyafikia kwa ule mwendo wa kinyonga. Kinachofika haraka ni sukari: ncha ndiyo mlaji mkubwa, akiondoka, chakula kinagawanyika. Inaelekea sukari huamsha, na auksini huamua nani aendelee kukua.

Na kamba haikati ncha. Kilele kipo, kinaendelea kutoa auksini. Hapa ushahidi unakuwa mwembamba kuliko maneno ya wakulima. Kuna mwanga, ambao sasa unayafikia macho yaliyokuwa kivulini. Kuna pia mvutano wa dunia: shina likipindwa, mara nyingi jicho lililo juu kabisa ya tao ndilo linalotangulia, na ncha iliyoinamishwa inapoa kidogo, yaani inapunguza kasi ya kukua. Inapoa kwa muda tu. Chembe za wanga ndani ya seli zake huzama upande wa chini, auksini inahamia huko, upande huo unarefuka, na baada ya saa chache ncha imeinua tena shingo. Ndiyo maana kamba hufungwa upya kila mara.

Kwa nini kabla ya maua? Bangi husubiri usiku mrefu. Ndani ya nyumba, wakulima huipa saa 18 za taa, kisha huzipunguza hadi 12 ili ichanue. Ikishaanza, macho ambayo yangekuwa matawi yanageuka maua, na shina linakomaa kuwa ubao: ukilipinda linavunjika.

Si ufundi wa bangi peke yake. Chai changa imekuwa ikiinamishwa na kubanwa chini kwa vigingi huko Kericho ili ifanye meza ya kuchumwa, na kahawa ya robusta ya Uganda huinamishwa ikiwa mche ili itoe mashina matatu au manne. Mnazi ndio usiojaribiwa. Kilele chake ni kimoja na shina lake halina macho ya akiba. Ukikikata, umeshaukata mnazi.