Ubao wa matokeo unavyotudanganya: ushambuliaji na ulinzi katika futiboli ya vyuo vya Marekani

Jumamosi ya tarehe 4 Novemba 2023, kwenye uwanja wa besiboli wa Wrigley Field jijini Chicago, Iowa waliifunga Northwestern 10-7. Ushindi ulikuja zikiwa zimebaki sekunde 14, kwa teke la yadi 53. Siku hiyohiyo, jijini Los Angeles, timu ya Washington iliichapa USC 52-42. Ngazi ileile ya vyuo, kitabu kilekile cha sheria: pointi 17 upande mmoja, 94 upande wa pili. Aliyekesha Dar es Salaam au Nairobi kuziangalia zote mbili angeapa kwamba ameona michezo miwili tofauti.

Sisi tuliolelewa na kandanda tuna hukumu zetu za haraka. Mechi ikiisha 5-4, mabeki walilala. Ikiisha bila kufungana, kuna kocha alipaki basi. Ukiihamishia hukumu hiyo kwenye futiboli ya Kimarekani unapotea mapema, na usijilaumu, maana Wamarekani wenyewe wanapotea hapohapo.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapata mengine 4. Ikiona haifiki, kwa kawaida jaribio la 4 hulitumia kuupiga mpira teke refu ili mpinzani aanzie mbali. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la kufungia la mpinzani, ni pointi 6, na teke dogo baada yake huongeza 1. Teke la kupitisha mpira kati ya nguzo ni pointi 3. Kipindi chote timu inapokuwa na mpira, tangu kuushika mpaka kufunga au kuupoteza, nitakiita zamu. Lishike neno hilo.

Dhana: Pointi zikiwa nyingi, ulinzi ni mbovu

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Dawa yake ni kuuliza swali moja kabla ya kulaumu mtu: kulikuwa na zamu ngapi?

Tuchukue usiku wa tarehe 22 Oktoba 2016 huko Lubbock, Texas. Oklahoma waliifunga Texas Tech 66-59. Kila timu ilipata yadi 854, sawasawa kabisa, na jumla yake, yadi 1,708, ikawa rekodi ya ngazi ya juu ya vyuo. Kwotabeki wa Texas Tech, yaani mrushaji wao mkuu wa pasi, Patrick Mahomes, alirusha yadi 734, na bado alirudi nyumbani amefungwa. Watu wakaishika ile 734 kana kwamba ndiyo habari yote. Lakini alirusha pasi 88! Gawanya: ni yadi 8 na kidogo kwa kila pasi. Baker Mayfield wa Oklahoma alirusha pasi 36 tu, akapata yadi 545, yaani yadi 15 kwa kila pasi. Kwa hiyo aliyewaka kweli usiku ule ni yule ambaye jina lake halikutangulia kwenye vichwa vya habari. Sitadai kwamba mabeki wa usiku ule walikuwa wazuri. Hawakuwa. Ila ubovu wao ulizidishwa na mwendo wa mechi, kama mfuko uliotoboka unavyomwaga zaidi ukizidi kujazwa.

Oregon ya kocha Chip Kelly mwaka 2010 ilikuwa hivyohivyo. Walicheza bila kukusanyika kupanga, jaribio juu ya jaribio, wapinzani wakiwa bado wanahema. Walifunga wastani wa pointi 47 kwa mechi. Mwendo huo ulikuwa unawarudisha mabeki wao wenyewe uwanjani kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo aliyehesabu yadi kwa mechi aliwaona wa kawaida, na aliyehesabu kwa kila jaribio aliwaona wazuri. Walipofika fainali dhidi ya Auburn, timu nyingine ya mvua ya pointi, tarehe 10 Januari 2011, watu walitarajia mafuriko. Ikaisha 22-19, Auburn wakashinda kwa teke la dakika ya mwisho.

Halafu kuna muda wa nyongeza, ambao mimi nauona kama kiini macho. Vyuoni, kila timu inaanzia yadi 25 tu kutoka mstari wa kufungia. Tarehe 24 Novemba 2018, Texas A&M na LSU walimaliza dakika 60 wakiwa 31-31. Vikafuata vipindi 7 vya nyongeza na ubao ukasoma 74-72. Sheria zikabadilishwa, na tangu 2021, kuanzia kipindi cha tatu cha nyongeza, kila timu inapewa jaribio moja tu la kuufikisha mpira eneo la kufungia kwa pointi 2. Oktoba ya mwaka huo, Illinois na Penn State walifungana 10-10, wakaenda vipindi 9 vya nyongeza, ikaisha 20-18. Vipindi 7 vilizaa pointi 84, vipindi 9 vikazaa 18. Mabeki hawakuzaliwa upya katikati ya miaka hiyo mitatu. Kilichobadilika ni karatasi ya sheria.

Dhana: Pasi ndizo zilizoleta pointi

Tarehe 7 Oktoba 1916, Georgia Tech waliifunga Cumberland 222-0. Hawakurusha pasi hata moja.

Ukiona huo ni mfano wa kale mno, chukua Oklahoma ya 1971, iliyokuwa ikikimbia na mpira wastani wa yadi 472 kwa mechi. Au Nebraska ya 1995, timu ya mbio iliyofunga wastani wa pointi 53, kisha kwenye mechi ya ubingwa ikaibomoa Florida, mabingwa wa kurusha wa enzi ile, 62-24. Mbio zikipangwa vizuri hujaza ubao vilevile.

Na pasi yenyewe haikuletwa ili kufurahisha mashabiki. Mwaka 1905 wachezaji walikuwa wanakufa uwanjani, mpaka Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata pasi ya mbele ikaruhusiwa, kusudi watu watawanyike badala ya kurundikana na kuvunjana shingo. Iliruhusiwa kwa masharti ya mkopo wa riba. Tarehe 5 Septemba 1906 huko Wisconsin, Bradbury Robinson wa Saint Louis alirusha ya kwanza kihalali, ikaanguka chini bila kuguswa na mtu, na kwa sheria ya wakati ule mpira ukakabidhiwa kwa wapinzani. Baadaye katika mechi hiyohiyo akarusha nyingine ya yadi 20, ikadakwa, ikawa tachidauni.

Dhana: Ulinzi umekufa

Wanaosema hivi wana ushahidi, na ni mzuri. Tarehe 5 Novemba 2011 LSU walikwenda Tuscaloosa kuwakabili Alabama, namba moja dhidi ya namba mbili. Hakuna tachidauni iliyofungwa. Alabama walipiga mateke 6 ya pointi 3, wakapata 2. LSU walishinda 9-6 ndani ya muda wa nyongeza. Miaka minane baadaye, tarehe 9 Novemba 2019, timu zilezile, uwanja uleule: LSU 46, Alabama 41. Joe Burrow wa LSU alimaliza msimu huo na pasi 60 za tachidauni na kombe mkononi.

Nick Saban wa Alabama, kocha wa ulinzi tangu ujana wake, alikuwa ameshaiona hali inakuja. Alilalamikia hadharani mwendo wa haraka, na mapema 2014 kukatolewa pendekezo la kuzuia mpira usianzishwe ndani ya sekunde 10 za mwanzo baada ya jaribio lililopita ili walinzi wapate nafasi ya kubadilishana. Pendekezo likaondolewa. Saban hakununa. Mwaka huohuo alimwajiri Lane Kiffin kuongoza ushambuliaji, na Alabama nayo ikaanza kukimbiza watu. Ukimshindwa adui, mwige.

Lakini hadithi haikuishia 2019. Wastani wa pointi za kila timu, uliokuwa umekaribia 30 mwaka 2016, ulishuka. Georgia wakabeba kombe la msimu wa 2021 wakifungwa wastani wa pointi 10 tu kwa mechi, na walinzi wao watano wakachukuliwa na NFL, ligi ya kulipwa, kwenye raundi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya mwaka 2022, mmoja wao akiwa namba moja. Michigan ya 2023 nayo ilifungwa wastani wa kama pointi 10. Unaikumbuka Washington iliyopiga 52 kule Los Angeles? Kwenye fainali, mbele ya Michigan, ilipata 13. Ikafungwa 34.

Kwa haki, sehemu ya kushuka huko ni saa. Mwaka 2023 vyuo viliacha kusimamisha saa kila timu inapopata majaribio mapya, isipokuwa dakika 2 za mwisho za kila nusu. Saa ikitembea, majaribio yanapungua, na pointi nazo. Safari hii hesabu iliwabeba walinzi.

Dhana: Futiboli ya vyuo ni NFL ya watoto

Si kweli, na tofauti ziko kwenye chokaa ya uwanja. Mistari miwili ya katikati inayoamua mpira uanzie wapi imeachana futi 40 vyuoni. Kwenye NFL ni futi 18 na nusu. Mpira ukianzia pembeni vyuoni, upande wa pili unabaki shamba zima, na mlinzi mmoja analazimika kulichunga. Tena, wazuiaji wa mbele vyuoni wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele kabla ya pasi kurushwa, NFL yadi 1. Hivyo kwotabeki anaweza kuonyesha mbio, akamsoma mlinzi mmoja tu: akija mbele, anarusha nyuma yake. Akibaki nyuma, wanakimbia. Mlinzi huyo yuko sahihi na amekosea kwa wakati mmoja.

Jibu zuri kuliko yote nililowahi kuliona lilitoka Ames, Iowa, kwa watu wasio na majina. Msimu wa 2017 Jon Heacock, mkuu wa ulinzi wa Iowa State (chuo kingine, si ile Iowa ya Wrigley Field), alipunguza watu wa mbele wakabaki watatu, na nyuma akaweka watatu badala ya wawili. Yule wa kati anasimama kama beki wa mwisho wa zamani kwenye kandanda: anaweza kushuka kukaba mbio au kurudi kufunika pasi, na wewe hujui mpaka mpira uanze. Sasa wa kubahatisha akawa mshambuliaji. Oktoba ya mwaka huo walikwenda Norman wakaifunga Oklahoma, iliyokuwa namba 3 nchini, 38-31. Pointi 31 zinaonekana nyingi. Muulize Mahomes kama ni nyingi.

Dhana: Safu moja ikiwa kali, nyingine itajitegemea

Turudi kwa timu mbili za ile Jumamosi. USC ya 2023 ilifunga zaidi ya pointi 41 kwa mechi na ikafungwa 34. Kocha wake wa ulinzi alifukuzwa siku moja baada ya zile 52. Walimaliza na ushindi 8. Iowa walifunga pointi 15 na ushee kwa mechi, wakashinda 10. Ligi zao zilikuwa tofauti, nakubali, lakini hesabu hiyo bado inakera. Ni Iowa haohao waliofungua msimu wa 2022 kwa kuifunga South Dakota State 7-3 bila tachidauni: teke moja la pointi 3, na mara mbili kumkamata mpinzani ndani ya eneo lake mwenyewe, pointi 2 kila mara.

Ila Iowa walipokutana na wenye safu zote mbili, ubao haukusoma kitu. Penn State 31-0. Michigan 26-0. Tennessee 35-0.

Mtu aliyefanya kazi nyingi kuliko wote Iowa msimu ule alikuwa Tory Taylor, Mwaustralia wa teke refu. Alipiga mara 93 na kuvunja rekodi ya yadi za teke kwa msimu mmoja, na mashabiki walikuwa wanasimama kumshangilia wakati timu yao inaukabidhi mpira. Aprili 2024, NFL ilipochagua wachezaji wapya, Chicago Bears walimchukua raundi ya nne. Namba moja walikuwa wameshamchukua Caleb Williams, kwotabeki wa USC.