Maana ya Kuharibika kwa Nguzo ya Usukani katika Pikapu Kuukuu

Nguzo ya usukani ni mkusanyiko wa vipuri unaouunganisha usukani anaoushika dereva na giaboksi ya stelingi, yaani kasha la gia za kugeuzia magurudumu, iliyo chini ya boneti. Ndani yake mna shafti inayozunguka. Nje mna bomba lisilozunguka, lililofungwa chini ya dashibodi. Na kati ya viwili hivyo mna beringi. Katika pikapu za zamani, hasa za Kimarekani, nguzo hiyohiyo hubeba pia loki ya ufunguo, swichi ya indiketa na mara nyingi mkono wa gia. Ndiyo maana fundi anayesema kwamba "kolamu", yaani nguzo hii, "imekufa" bado hajasema ni nini hasa kilichokufa.

Jambo la kwanza la kutenganisha ni usukani uliolegea na stelingi (mfumo mzima wa kugeuza magurudumu) iliyolegea. Usukani uliolegea hutikisika juu na chini au upande kwa upande ukisukumwa kwa mkono, ingawa ukizungushwa magurudumu hutii mara moja. Stelingi iliyolegea, ambayo mafundi husema "inacheza", huzunguka sehemu fulani kabla magurudumu hayajaanza kugeuka. Hali ya kwanza hutokana karibu daima na nguzo yenyewe. Ya pili huweza kuanzia kwenye viungo vya chini ya nguzo, kwenye giaboksi au kwenye taierodi (fito zinazosukuma magurudumu yageuke), na kubadilisha nguzo nzima kwa ajili yake ni kutupa fedha.

Jambo la pili halionekani kwa macho, nalo ndilo linalofanya kipuri hiki kisifanane na vingine. Nguzo ya usukani imeundwa ili iwe imara siku zote na idhoofike siku moja tu, yaani siku ya ajali. Zamani shafti ilikuwa chuma kimoja kirefu, na gari lilipogongwa mbele chuma hicho kilirudishwa nyuma kuelekea kifua cha dereva. General Motors ilianza kuweka nguzo zinazojikunja katika magari yake madogo ya mwaka 1967, na kuanzia Januari 1968 sheria ya Marekani ikataka kwamba gari dogo likijaribiwa kwa kugongeshwa ukutani kwa kasi ya kilomita 48 kwa saa, usukani usirudi nyuma zaidi ya milimita 127. Pikapu nazo zikaja kupewa nguzo za namna hiyo. Shafti yake ni vipande viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine, na vinashikiliwa mahali pake kwa pini za plastiki. Mabano yanayoifunga chini ya dashibodi nayo yana vishikizo vinavyoachia yakipigwa kwa nguvu.

Tukichukua mfano mmoja wa kweli, tuitazame nguzo yenye usukani unaoinamishwa katika pikapu za Chevrolet na GMC za miaka ya 1970 hadi ya 1990. Hapa haiinami nguzo nzima, kama ilivyo katika pikapu nyingi za Kijapani zilizozoeleka Afrika Mashariki, bali kichwa chake tu, karibu kabisa na usukani. Kichwa hicho hushikiliwa na pini mbili za kuegemea, springi yenye nguvu, na kipande cha ndani kilichofungwa kwa bolti 4. Bolti hizo ndizo hulegea. Dereva hushika usukani ili ajivute kupanda kwenye kibanda kirefu. Au huuvuta mkono wa kuinamishia, akaiacha springi iurushe usukani juu mpaka ugonge. Mambo hayo yakirudiwa kwa miaka 20, bolti hujifungua taratibu, na kwa kuwa nyumba ya kichwa hicho, yaani ganda lake, ni ya aloi laini ya kumiminwa, tundu za pini nazo hutanuka. Usukani huanza kuyumba kama jino la mtoto, na mwenye gari huzoea.

Dawa yake si ghali, ila ni ya subira. Bolti hizo zina vichwa vya umbo la nyota vinavyofunguliwa kwa soketi ya E8, na ili kuzifikia ni lazima kuondoa usukani, bamba la loki, swichi ya indiketa na nyumba ya juu. Zikikutwa ni nzima, husafishwa, hupakwa gundi ya kuzuia nati kulegea, kisha hukazwa. Ikiwa tundu za pini zimeshatanuka, kukaza bolti hakutasaidia kwa muda mrefu. Nyumba yenyewe ibadilishwe.

Chini ya nguzo, shafti hukutana na giaboksi kupitia kisahani cha mpira uliotiwa nguo, ambacho kazi yake ni kuzuia mtikisiko wa barabara usipande mpaka mikononi. Joto la ekzosi na mafuta ya stelingi yanayovuja hukilainisha mpaka kikachanika. Kwa bahati nzuri kina pini za chuma zinazozuia stelingi isiachane kabisa na giaboksi, lakini mwanya unaobaki hutosha kulifanya gari litangetange barabarani. Kukipima kunahitaji watu wawili: mmoja auzungushe usukani kidogo kushoto na kulia, mwingine atazame chini ya boneti kama pande mbili za kisahani zinageuka pamoja.

Kuhusu ufunguo, maelezo yanaweza kuwa mafupi. Loki iko juu, ilhali swichi ya umeme iko chini zaidi kwenye bomba, na kati yake mna meno na fito nyembamba. Katika pikapu za Ford F-150 za miaka ya 1980, kipande cha aloi kinachosukuma fito hiyo huvunjika, ufunguo ukazunguka bila injini kuwaka, au injini ikakataa kuzimika. Wengi hununua stata mpya kabla ya kukitazama.

Kosa linalonisumbua zaidi hufanyika gereji, tena kwa nia njema. Usukani uliokwama hung'olewa kwa kifaa chake maalumu kinachouvuta. Fundi asiyekuwa nacho hugonga ncha ya shafti kwa nyundo, na mapigo hayo huweza kukata zile pini za plastiki, nguzo ikajikunja kabla ya ajali yoyote. Mwingine, akitaka kuondoa ulegevu, huchomelea vipande viwili vya shafti vikawa kimoja. Usukani hutulia kweli, lakini dereva amerudishiwa kile chuma kirefu cha zamani.

Tahadhari hiyohiyo inamhusu anayenunua nguzo iliyotumika. Ile iliyotoka kwenye gari lililogongwa mbele huweza kuonekana nzima, imepakwa rangi na usukani wake unazunguka vizuri. Ilazwe kando ya ile ya zamani, urefu ulinganishwe, kisha vitazamwe vishikizo vya mabano: plastiki yake ikiwa imekatika au mabano yamesogea kutoka mahali pake, nguzo hiyo imekwisha kufanya kazi yake ya siku moja.