Mtoto Katoka Oparesheni ya Moyo, Usiku Halali: Wazazi Tulieni Kwanza

Siku hizi simu za usiku zimezidi kliniki yetu ya moyo ya watoto na nyingi zina swali moja tu: mtoto kazibwa tundu la moyo, kidonda kisafi, anakula, ila usiku anashtuka, analia, hataki taa izimwe. Hiyo haimaanishi tundu limefunguka tena jamani. Alikuwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kule taa haizimwi na mashine zinalia usiku kucha, akapewa na dawa nzito za usingizi na maumivu, kwa hiyo usiku na mchana vimemchanganya. Wengi wanatulia ndani ya wiki chache mkimrudishia ratiba yake, aamke muda uleule, mchana alale kidogo, na jioni simu na tivii vikae mbali.

Ila Piriton, ile dawa ya mzio, kumpa ili alale hapana. Sijui nani kawaambia, inamlegeza tu na akianza kupumua vibaya mtachelewa kushtuka. Akiwa na maumivu mpeni Panadol kwa dozi aliyoandikiwa kwa kilo zake, nusu saa hivi kabla ya kulala. Na wale wa Lasix, dawa ya kukojoza maji ya ziada, mara mbili kwa siku, ya pili iwe saa nane au tisa mchana, ukimpa saa mbili usiku ataamka kukojoa halafu mseme ni moyo.

Kichanga alale chali, mkubwa chali, ubavu au aegemee mto, anavyojisikia. Mfupa wa kifua umefungwa kwa waya na unachukua kama wiki 6 hadi 8 kushikana, hivyo msimnyanyue kwa makwapa: mkono mmoja matakoni, mwingine nyuma ya mabega, na bibi na dada wa kazi waonyesheni maana ndo wanaoshinda naye. Begi la shule, baiskeli na bodaboda visubiri. Lakini kumfungia kitandani miezi mitatu nako sio kumtunza! Atembee, mapafu yanataka hivyo, na aliyechangamka mchana ndo analala usiku.

Wa kuletwa usiku huohuo ni mwenye joto la 38 au zaidi, anayehema haraka, anayetoka jasho akinyonya, midomo imekuwa bluu kuliko alivyotoka hapa, au analia akilazwa chali ila akikalishwa anapata nafuu, huyo huenda maji yamejaa kuzunguka moyo.

Mkija mje na karatasi ya ruhusa yenyewe, sio picha ya WhatsApp, kadi ya kliniki, na dawa zote kwenye chupa zake. Kwa eko (kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti) ya marudio mwenye bima aanzie dirisha la bima apate idhini, akipitiliza moja kwa moja chumba cha eko atarudishwa au atalipa kashi. Aliyekosa tarehe bila taarifa anapangiwa upya mwisho wa foleni, na kugombana na manesi wa mapokezi hakubadilishi kitu. Kubadili tarehe pigeni mchana, namba iko nyuma ya kadi.