Kusimama kila asubuhi hakutoshi: dhana potofu kuhusu ajaili

Ukisikia "timu yetu sasa ni ya ajaili", yaani inatengeneza programu kwa hatua fupi huku ikijirekebisha njiani, mara nyingi maana yake ni kwamba watu wanafanya kikao cha asubuhi wakiwa wamesimama na ukuta umejaa vikaratasi vya rangi. Mengine yote yako palepale.

Dhana inayosumbua kuliko zote ni kwamba kikao hicho ni cha kumpa bosi ripoti. Kila anayezungumza anamtazama meneja: "Jana nilikuwa kwenye malipo ya simu, leo naendelea na malipo ya simu, sina kikwazo." Zamu inahamia kwa mwingine. Kadi ya kazi hiyo, kile kikaratasi cha ukutani, iko kwenye safu ya "inafanyiwa kazi" tangu wiki iliyopita, na hakuna anayeuliza.

Ukweli ni kwamba Mwongozo wa Skramu, mojawapo ya njia za kufanya kazi kiajaili, ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unawapa kikao hicho wasanidi programu wenyewe: dakika 15 za kuangalia walipofika kuelekea lengo la sprinti (kipindi kifupi cha kazi, kwa mfano wiki mbili) na kupanga kazi inayofuata. Yale maswali matatu ya jana, leo na kikwazo hayamo tena tangu toleo la 2020. Kwa ile kadi, swali la maana ni nani atakaa na mwenzake leo mpaka itoke. Bosi naye ana nafasi yake: mwisho wa sprinti, timu inapoonyesha ilichotengeneza.

Kuna wanaoamini ajaili haina nyaraka wala mipango. Hao wameisoma nusu tu Ilani ya Ajaili, tamko la misingi yake. Watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001, waliandika kwamba wanathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka za kina, lakini hawakusema nyaraka hazina thamani. Mpango nao upo, ila unapitiwa upya kila sprinti. "Hatuandiki, sisi ni ajaili" ni uvivu uliopewa jina zuri.

Mabosi wengi hupenda kuamini kwamba ajaili ni kuharakisha kazi. Sprinti ya wiki mbili haimfanyi mtu aandike msimbo wa programu upesi zaidi. Inamfikishia mteja kitu cha kujaribu mapema, ili kosa lionekane likiwa bado dogo. Moja ya kanuni 12 za Ilani inataka mwendo ambao watu wanaweza kuudumisha muda wote, kwa hiyo kukesha kila mwisho wa sprinti ni kwenda kinyume chake. Na zile pointi za makadirio, namba ambazo timu huipa kila kazi kukisia ukubwa wake, zinazotumika kushindanisha timu? Hazimo kwenye Mwongozo wa Skramu. Timu ikijua inapimwa kwa pointi, kazi ya 3 itageuka ya 8 kabla ya Jumatatu.

Tena, skramu siyo njia pekee. Timu inayorekebisha hitilafu, isiyojua asubuhi nini kitaingia mchana, huenda ikafaidika zaidi na kanbani, yenye asili yake Toyota: inaweka kikomo cha kadi zinazofanyiwa kazi kwa wakati mmoja, na mpya haivutwi mpaka nyingine itoke.