Je, wajua kwa nini mapambo ya mti mmoja wa Krismasi huelewana na ya mwingine hugombana?

Chukua miti miwili ya Krismasi yenye kimo kimoja na idadi ile ile ya mapambo. Wa kwanza ukiutazama, jicho linatulia. Wa pili, jicho halijui litue wapi: huku malaika wa zambarau, kule nyota ya kijani, katikati Baba Krismasi wa plastiki ananing'inia kichwa chini. Watu husema mwenye ule wa kwanza ana kipaji, au ana pesa. Mara nyingi hana hiki wala kile. Mambo yote yako kwenye namna jicho linavyopanga vitu.

Mwaka 1923, mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha nchini Ujerumani makala yenye mifano mingi ya nukta na mistari. Alionyesha kwamba hatuoni vitu kimoja kimoja kisha tukavijumlisha. Jicho huvikusanya papo hapo: vinavyofanana linavifanya kundi, vilivyokaribiana pia. Mti wa Krismasi ni nukta hizo hizo, ila zina rangi. Tundika mipira 12 ya dhahabu kuuzunguka, jicho litaiunganisha na kuiona kama mwendo mmoja. Tundika vitu 12 visivyofanana kwa lolote, na kila kimoja kitadai kutazamwa peke yake. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kwa hiyo kinacholeta umoja ni kurudia. Mpira mmoja wa buluu kati ya nyekundu na dhahabu unaonekana kama umepotea njia. Una mambo mawili ya kufanya: uutoe, au uutafutie wenzake wawili, mmoja utundike juu, mwingine ubavuni, wa tatu chini upande wa pili. Ghafla ule ule uliokuwa kosa unaonekana ulikusudiwa.

Rangi nayo ina siri yake, na watu husahau kwamba mti wenyewe ni rangi. Katika karne ya 19, mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akazichunguza, akakuta rangi haina tatizo lolote. Kilichoiharibu ni rangi zilizofumwa kando yake. Akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1839. Rangi hubadilika machoni kwa sababu ya jirani yake, na zile zinazokabiliana kwenye duara la rangi, kama nyekundu na kijani, hukolezana.

Ndiyo maana mpira mwekundu hauhitaji msaada kwenye mti wa kijani: unawaka wenyewe. Buluu iko karibu na kijani, hivyo humezwa na matawi, na usipoipa fedha au nyeupe ya kuishika mkono utaitafuta kwa tochi. Wapambaji wengi hutumia kanuni ya 60, 30 na 10: rangi moja itawale, ya pili ifuate, ya tatu iwe chumvi tu. Sioni haja ya kukaa na kikokotoo, lakini kiini chake ni kizuri. Rangi tatu zikigawana sawa kwa sawa, hakuna anayeongoza.

Sasa taa, na hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunanunua mipira kwanza, taa zinakuja mwisho kama nyongeza, ilhali mwanga ndio unaopaka kila kitu rangi upya. Tena "nyeupe" si rangi moja. Weupe wa taa hupimwa kwa kelvini: kwenye 2,700 hivi ni weupe wenye umanjano, kama wa balbu za zamani, kwenye 6,000 ni weupe unaoelekea buluu. Dhahabu, shaba na nyekundu hupendeza chini ya ule wa kwanza, fedha na buluu chini ya ule wa pili. Uzi wa taa wa mwaka jana umekufa nusu, umenunua mwingine, umeufunga juu yake, na mti umegawanyika kiunoni. Kila uzi ukiwaka peke yake ubongo huuzoea na kuuita mweupe. Tofauti hujitokeza pale zinapokaa bega kwa bega.

Kuna na hili la mipira mizuri ya mchana inayofifia usiku. Taa nyingi nyeupe za LED zina kichipu kinachotoa mwanga wa buluu, kikiwa kimefunikwa na unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano. Viwili hivyo vikichanganyika tunaona nyeupe. Kwenye taa duni, wekundu ndani ya mwanga huo ni haba, na mpira hauwezi kurudisha mwanga ambao haukupewa. Basi nyekundu yako ya kuwaka inageuka damu ya mzee. Kabla hujatundika chochote, washa taa, sogeza mpira mmoja wa kila rangi karibu nazo, uone.

Kwa njia, mti wa kwanza wa taa za umeme, aliouwasha Edward Johnson, mshirika wa mvumbuzi Thomas Edison, mjini New York mwaka 1882, ulikuwa na balbu 80 za rangi tatu tu: nyekundu, nyeupe na buluu.

Ukubwa hautaki maneno mengi. Mipira mikubwa iingize ndani, karibu na shina, izibe mapengo na kuupa mti kina. Midogo ikae kwenye ncha. Mng'ao ndio watu hawaufikirii. Inama karibu na mpira unaong'aa utaona uso wako umevimba pua, dirisha limepinda, na kila taa ya jirani imekuwa nukta. Ni kioo cha mbinuko. Haukupi rangi yake tu, unakuletea chumba kizima. Mti wa mipira ya aina hiyo pekee huchosha macho, kwa hiyo changanya na isiyong'aa, inayobaki na rangi yake.

Na yale mapambo ya zamani yasiyofanana na kitu, kama nyota aliyoikata mtoto kwa kadibodi? Mimi siwezi kuyatoa. Yafunge yote kwa utepe wa rangi moja, ile iliyotawala mti, nayo yatakuwa ya ukoo mmoja. Hata yule Baba Krismasi wa plastiki. Ila mgeuze kwanza.

Ukimaliza, rudi nyuma hatua kadhaa na ufinye macho mpaka maumbo yapotee, au piga picha kwa simu na kuigeuza nyeusi na nyeupe. Rangi ikiondoka, utaona wapi kuna shimo la giza na wapi mng'ao umerundikana. Hamisha mpira mmoja, kisha tazama tena.