Choo cha mapema baada ya upasuaji wa aota

Asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji, binti wa mgonjwa alinipokea mlangoni akiwa na furaha tele. "Shikamoo dokta. Mzee ameshapata choo, tena mara mbili usiku huu!" Niliitikia, nikaingia haraka, nikafunua shuka. Kilikuwa choo cha maji, chenye damu nyekundu iliyokolea.

Furaha yake niliielewa. Kwetu, mtu akipasuliwa tumbo, swali la kwanza la ndugu ni kama ameshajamba. Ni swali zuri. Utumbo ukishashikwashikwa huzubaa kwa siku kadhaa, na hewa ikitoka ndipo tunajua umeamka. Lakini mzee huyu alipasuliwa aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni na kushuka nyuma ya tumbo. Wake ulikuwa umetuna kupita sentimita 5.5, kipimo ambacho kwa mwanamume tunaanza kupanga upasuaji kabla haujapasuka wenyewe. Kwa mgonjwa wa namna hii, kuharisha ndani ya siku 1 au 2, hasa kwa damu, hunifanya nihofu kwamba utumbo mpana umekosa damu. Situlii mpaka niuone.

Utumbo hulishwa na mishipa mitatu inayochipuka mbele ya aota. Wa chini ndio mwembamba kuliko yote. Hulisha upande wa kushoto wa utumbo mpana pamoja na sigmoidi, ile sehemu iliyojipinda kabla ya kufika rektamu, mwisho wa utumbo mpana. Kwa bahati mbaya huchipuka palepale penye uvimbe, kwa hiyo tukishona bomba la kitambaa ndani ya aota, mara nyingi tunaufunga.

Wengi hawadhuriki. Kuna mshipa unaofuata ukingo wa utumbo mpana, ukileta damu kutoka mshipa wa kati, na mingine hupanda kutoka kwenye nyonga. Tena kwa wagonjwa wengi ule wa chini umeshaziba kabla hatujaugusa, na utumbo umeshajizoesha. Shida huja njia hizo za pembeni zinapokuwa mbovu: mishipa ya nyonga imeziba pande zote mbili, au mgonjwa aliwahi kukatwa utumbo na njia ya ukingoni ikakatika. Ndiyo maana kovu la zamani tumboni hunifanya niulize maswali mengi.

Tukiwa ndani ya tumbo, naangalia mdomo wa ule mshipa wa chini. Damu ikirudi kwa nguvu, naufunga. Ikidondoka kidogo na sigmoidi imepauka, naukata pamoja na kipande cha ukuta wa aota na kuushona kwenye bomba. Wa mzee ulirudisha damu vizuri, nikaufunga. Usiku presha ikashuka kwa muda mrefu, na njia za pembeni hazina nguvu pale presha inapokosekana.

Baada ya upasuaji wa kupanga, utumbo mpana kukosa damu huwapata takribani wagonjwa 1 hadi 3 kati ya 100. Uchache huo usimlaze mtu usingizi: ukuta wote wa utumbo ukifa, nusu ya wagonjwa au zaidi hufariki. Na tumbo lenyewe halisemi wazi, kwa kuwa maumivu ya kidonda na dawa za ganzi hufunika kila kitu. Laktati, kemikali ya damu inayoongezeka tishu zikikosa oksijeni, hupanda, lakini inaweza kuchelewa. Mimi huita kamera ya utumbo pale pale kitandani, siku hiyo hiyo.

Kwa mzee, kamera ilionyesha utando wa ndani umevimba, una vidonda na madoa ya zambarau, ila si weusi wa kuoza. Tukasimamisha chakula, tukampa maji ya mshipani na antibiotiki, tukairudia kamera baada ya saa 48. Ungekuwa mweusi, ningemrudisha chumba cha upasuaji usiku huo, nikate sehemu iliyokufa na kumtolea choo kwenye mfuko tumboni.

Njia ya kupitisha bomba kwenye mishipa ya mapaja, ambayo daktari wa upasuaji Juan Parodi aliifanya Buenos Aires, Argentina, mwaka 1990, hupunguza hatari hii. Haiiondoi, kwa sababu bomba hilo nalo hufunika mdomo wa mshipa wa chini.

Alipotoka nilimwandikia karatasi kuhusu hatari nyingine, ya miezi au miaka ijayo. Duodenamu, mwanzo wa utumbo mwembamba, hulala juu ya bomba, na zikigandana zinaweza kutobokeana. Kwanza hutoka damu kidogo, kwa kutapika au kwenye choo cheusi kama lami, kisha hutulia, halafu huja mafuriko. Niliandika kwa herufi kubwa: "Nina bomba kwenye aota. Nikitoa damu, hata kidogo, mwiteni daktari wa upasuaji wa mishipa." Binti yake aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka pamoja na kadi yake ya bima.